Leo Tuko Mariakani

Mimi nashona zipu za masanduku ya watu
nyuma ya soko la zamani, hapa Malindi,
kibanda cha pili baada ya muuza mkaa.
Masanduku hunijia yamechoka,
vibandiko vya viwanja vya ndege shingoni kama hirizi,
mchanga wa nchi nisizozijua ndani ya mishono.
Nayakung'uta, unanimwagikia mapajani.
Hivyo dunia imeshanifikia;
bado mimi kuifikia.

Nataka kwenda Timboroa.
Usicheke. Wengine wanataka Dubai.
Dereva mmoja wa lori, nikimshonea begi, aliniambia
kule alfajiri ukitamka jina lako
linatoka mdomoni na moshi wake,
unaliona, linakaa kidogo, ndipo linakwenda.
Miaka thelathini na minane naitwa Mbeyu
na jina langu sijaliona hata siku moja.

Basi nina kopo la maziwa ya unga juu ya kabati.
Humo sihesabu shilingi, nahesabu barabara.
Mia ya kwanza ilinitoa hadi Gede.
Mabegi ya shule, Januari, yakanivusha Kilifi.
Mwitaliano akaacha chenji: nikalala Mtwapa.
Agosti, wageni tele, sikushikika,
Mombasa, Mazeras, Voi bila kusimama,
na pale Mtito Andei
nikaanza kuulizia bei ya sweta kwa wauza mitumba.

Halafu Dama akaugua kifua.
Sindano, dawa ya maji, bodaboda kwenda na kurudi:
Voi, usiku uleule.
Rambirambi ya mjomba: Mariakani.
Gesi ikaisha maji ya ugali hayajachemka: Mtwapa,
kinyumenyume, kama kaa.
Waliosema mwenda bure si mkaa bure
hawakutaja nauli.

Akaja Nyevu wa nyumba ya pili, mkono shavuni,
mwenye nyumba kamfungia mlango kwa kufuli lake.
Nikamkatia kipande, Mtwapa hadi Kilifi,
nikamwambia, mwisho wa mwezi nirudishie barabara yangu.
Akanitazama kama niliyepigwa na jua.
(Karudisha. Imepungua daraja moja, lakini karudisha.)

Sweta nimenunua.
Ya kijani, ina tundu kwenye kiwiko.
Inaning'inia msumarini katika joto hili
na Jefwa, mume wangu, huipita akiisalimu:
Hujambo, mgeni.

Kuna siku za Machi hata kivuli kinatoka jasho.
Naenda kwa Twaha anayewauzia barafu wachuuzi wa samaki,
najidai nataka ya shilingi kumi,
nainamisha kichwa ndani ya friza
na kusema taratibu: Mbeyu.
Kitu cheupe kinatokea, kidogo.
Labda ni changu,
labda ni pumzi ya barafu tu.
Twaha anapiga kifuniko kwa kiganja:
Mama, umeme huo!

Usiku Dama, kifua kimemwachia, huniuliza gizani:
Mama, leo tuko wapi?
Mariakani.
Tena?
Tena.
Kuna nini Mariakani?
Malori, yamepanga foleni yakipimwa uzito.
Na sisi watatupima?
Sisi wepesi, mwanangu, watatupungia mkono tupite.
Bado mbali?
Namhesabia vituo: Samburu, Maungu, Voi,
naviita kidogokidogo visije vikaisha,
lakini kabla sijafika Voi amekwisha lala,
mguu mmoja nje ya neti
kama aliyeteremka peke yake njiani.

Naurudisha ndani.
Kesho kuna sanduku la magurudumu, zipu mbili,
mwenyewe anaondoka saa nne.
Nimemwambia mia tatu.
Akipunguza bei, Samburu.
Asipopunguza, nakaribia kuuona mgomba wa mwisho wa pwani
ukibaki nyuma ya kioo.